Akili ya Friji

Friji ilikuwa imelala chali chumbani kwa Patriki, kati ya kitanda na ukuta, imefunikwa blanketi ambalo zamani lilikuwa la mwenye nyumba. Kazi ya kupoza ilikuwa imeiacha miaka mingi nyuma, kwenye baa moja ya stendi ya Katesh. Patriki aliichukua kama chuma chakavu, akaitoa utumbo wote, akaitia balbu mbili za njano, feni ya kompyuta, sufuria ya maji kwa ajili ya unyevu, na trei za mbao zinazoinamishwa kushoto na kulia na mota ya waipa ya gari. Ubavuni alibandika ubao wa saketi wenye ukubwa wa kiganja. Juu ya ubao huo ilikaa chipu nyeusi yenye miguu mingi kama tandu, nayo ndiyo ilikuwa akili ya shughuli nzima: ipime joto, iwashe balbu, izime balbu, igeuze mayai, na mambo yakiharibika ipige king'ora.

Kuku hupewa akili hiyo na Mungu, bure, na wala hajivuni. Patriki yeye aliiandika mwenyewe kwenye laptopu yake iliyokatika bawaba, na tangu siku aliyomaliza, hakunyamaza. Alikuwa fundi simu, ana meza yake sokoni jirani na wauza vitunguu, na kila mteja aliyeleta simu iliyotumbukia chooni aliondoka na simu yake pamoja na habari za friji.

Shida ni kwamba habari hizo zilipanda basi zikafika ukweni.

Ukweni kwake ni vilimani juu ya Haydom, kwa Mzee Bura, mtu wa ng'ombe, mahindi na kanisa. Mzee Bura hakuwa na neno baya juu ya mkwe wake, kwa sababu hakuwa na neno lolote. Akiulizwa mkwe anafanya kazi gani alijibu, "Anafungua simu za watu," kwa sauti ile ile ambayo angesema, "Anafungua mazizi ya watu." Aliyemtetea Patriki siku zote ni mama mkwe, Mama Verediana. Yeye aliposikia habari za friji alicheka, akauliza maswali mawili matatu ya maana, kisha akafanya jambo ambalo majirani walilijadili kuliko uchaguzi: msimu ule hakumruhusu kuku wake hata mmoja kuatamia. Kila kuku aliyeanza kuvimbisha manyoya na kung'ang'ania kiota alichovywa kwenye ndoo ya maji baridi, akafungiwa chini ya tenga mpaka hamu ikamtoka. Mayai yote yakapangwa kwenye pumba, yakapanda basi kwenda Katesh.

"Mwenzangu, mayai umeyapeleka ukweni yakaoe?" jirani yake Genoveva alimuuliza mbele ya watu, wakitoka kanisani.

"Nimeyapeleka shule," alijibu Mama Verediana.

Watu wakacheka, ila walicheka upande wa Genoveva.

Basi hali ilikuwa hiyo. Vifaranga vikitoka, Mama Verediana angepita kijijini ameinua kidevu. Visipotoka, angebaki mwanamke aliyewanyima kuku wake uzazi kwa ajili ya friji mbovu ya mkwe, na uani kwake kusingesikika hata mlio mmoja mpaka msimu mwingine.

"Mimi mashine yako sijaielewa wala siipingi," Letisia alimwambia mumewe siku mayai yalipofika. "Ila mama yangu akichekwa, utaatamia mwenyewe."

Na mashine ilikuwa na wazimu wake. Ilifanya kazi vizuri, watu wakaisifu, halafu ghafla, mara tu baada ya kugeuza mayai, balbu zinazimika na hazikumbuki kuwaka. King'ora kinalia, Patriki anaruka kitandani, anaizima na kuiwasha upya, akili inarudi. Letisia alishamwambia kwamba watoto mapacha wangekuwa na huruma kuliko friji hiyo, maana mapacha angalau hukua.

Msaada ulitoka Arusha ndani ya bahasha, mkononi mwa kondakta: kidude cha USB kisichozidi kiberiti. Upande mmoja kinachomekwa kwenye laptopu, upande wa pili kina nyaya nne za rangi zinazokwenda kwenye miguu ya chipu. Kwa kidude hicho fundi anaiandikia chipu programu. Lakini utamu wake haukuwa huo. Utamu ni kwamba anaweza kuisimamisha chipu katikati ya kazi, kwenye mstari ule ule anaoutaka, akachungulia ndani na kuona ilikuwa inawaza nini.

"Ni kama unamsimamisha mtu anayekula," Patriki alimweleza mkewe, "tonge likiwa hewani. Unamfungua kichwa, unamuuliza, bwana, hapa ulikuwa unafikiria nini?"

"Na tonge?"

"Linabaki hewani."

"Kama kashika ugali wa moto?"

Patriki alicheka, akakibusu kidude chake. Angelijibu swali lile siku ile, nisingekuwa na la kusimulia.

Siku ya mnada Letisia aliondoka asubuhi na furushi lake la mitumba. Patriki hakwenda sokoni. Alijifungia nyumbani, ikiwa neno kujifungia linafaa kwa nyumba ya vyumba viwili ambayo chumba cha ndani mlango wake ni pazia. Sebuleni alikuwa amejaribu kuiweka friji, lakini upepo wa mlima Hanang ulipita chini ya mlango na kuingia hadi kwenye trei. Ndiyo maana mayai ya mama mkwe yalikuwa yanalala chumbani, sehemu ambayo mama mkwe mwenyewe haruhusiwi hata kuiota.

Alikaa kitandani, akaiweka laptopu juu ya mto, akaunga nyaya nne, akachomeka kidude. Taa yake ndogo ya kijani ikawaka. Akaiamuru chipu isimame mara tu itakapomaliza kuwasha balbu, kisha akasubiri ameshika pumzi. Mota ikanguruma, trei zikainama, balbu zikazima, zikawaka, na hapo hapo chipu ikasimama. Kwenye skrini namba zikajipanga kama wanafunzi kwenye mstari.

Patriki akazisoma. Akazirudia. Akajipiga kofi kwenye paji la uso.

Muda wa kugeuza mayai na muda wa kupumzisha balbu alikuwa amevipa kisanduku kimoja cha kumbukumbu. Mota ikimaliza zamu yake inaacha namba yake kubwa mle ndani, balbu zikija kusoma zinadhani zimeambiwa zilale mpaka Pasaka.

"Kumbe ndiye wewe, mjinga," alisema, na haikujulikana anamwambia nani.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja. Alikuwa amenyoosha kidole juu ya kibodi aliposikia huko nje, "Hodi humu."

Magoti yake yaliijua sauti ile kabla yeye hajaijua. Alijikuta amesimama, ametoka, ameliburuta pazia nyuma yake. Mlangoni alisimama Mzee Bura na koti lake la Jumapili, kofia kichwani, fimbo mkononi. Nyuma yake Mama Verediana, na kikapu, na tabasamu.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Karibuni. Karibuni sana."

"Marahaba," alisema Mzee Bura, akaingia bila haraka, akachagua kiti kilichotazamana na pazia. "Hatukutoa taarifa. Ukitoa taarifa unakuta watu wameshaigiza nyumba."

"Ni kweli, baba."

"Hamjambo?"

"Hatujambo."

"Kazi?"

"Inaendelea, baba."

Inaendelea wapi. Nyuma ya pazia kazi ilikuwa imesimama, tena imesimama vibaya. Chipu ilikuwa imeganda mdomo wazi, na kabla ya kuganda jambo la mwisho ililofanya ni kuwasha balbu. Wa kuzizima ni huyo huyo chipu. Wa kupiga king'ora joto likizidi ni yeye. Wa kuandika joto kwenye kioo kidogo chekundu cha namba, kilichobandikwa kando yake, ni yeye vilevile. Patriki aliona kioo hicho kwa upenyo wa pazia: thelathini na saba na nusu, joto zuri, joto la kuku mwenyewe. Hakuwahi kuogopeshwa na habari njema kiasi kile. Namba ile ilikuwa ya wakati chipu iliposimama. Ingebaki hivyo hivyo hata mayai yakianza kukaangika.

"Baba, naomba dakika moja tu niingie humo ndani."

Mzee Bura alimtazama kama mtu aliyetazama kiatu kikiongea. "Kaa kwanza, kijana. Tumekuja kukuona wewe. Hatujaja kuona humo ndani."

Patriki akakaa. Mkwe anayewaacha wakwe sebuleni na kukimbilia chumbani, anakimbilia nini? Swali lenyewe halina jibu linaloweza kutamkwa.

Salamu za Kiswahili zilipokwisha, Mzee Bura akahamia Kiiraqw, lugha ya kwao, akaanza upya. Akauliza afya ya baba yake Patriki, ya mama yake, ya kaka aliyeko Babati, ya ng'ombe wa kaka aliyeko Babati. Patriki alijibu hawajambo, wote, hata wale aliokuwa anajua wana jambo. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Una homa?" Mama Verediana aliuliza.

"Hapana, mama. Kuna joto kidogo." Akaona mlango mwingine. "Ngojeni niwachemshie chai."

"Mkwe anichemshie chai mimi?" Mama Verediana alishika kifua. "Nikasimulie wapi hilo? Letisia yuko wapi?"

"Mnadani, mama."

"Basi tutamsubiri. Chai haina miguu." Akasogea mbele kwenye kiti, akapunguza sauti kama anayeulizia mgonjwa. "Na mayai yangu? Hayajambo?"

Hapa ndipo alipopaswa kusema. Hata mimi ningesema, na wewe ungesema. Lakini aliutazama uso wa mama yule, jinsi ulivyong'aa, halafu akautazama wa Mzee Bura pembeni yake, jinsi ulivyokuwa unangoja, na ulimi wake ukafanya ulichofundishwa tangu utotoni kufanya mbele ya wakwe.

"Hayajambo, mama," alisema. "Yana joto lake."

"Tutayafikia mayai," alisema Mzee Bura akivua kofia. "Kwanza tumshukuru Mungu aliyetusafirisha."

Sala ya Mzee Bura ilijulikana tarafa nzima. Haikuwa sala ya kurukaruka. Ilikuwa na njia yake, na vituo vyake, na haikupita kituo bila kusimama. Alishukuru kwa usiku uliopita. Alishukuru kwa basi, kwa dereva, kwa tairi. Akarudi Haydom kuwaombea wagonjwa hospitalini, waliolazwa na wanaosubiri kitanda, na wauguzi, na ndugu walioko chini ya miti wakipika uji. Patriki aliinamisha kichwa na kufungua jicho moja. Kioo chekundu bado kilisema thelathini na saba na nusu. Mzee akafika kwa wajane. Patriki aliijua njia ile: baada ya wajane wanakuja yatima, baada ya yatima viongozi, baada ya viongozi mvua, na kwenye mvua Mzee Bura hulala kabisa.

"Na huyu kijana, mkwe wetu," Mzee Bura alikatisha njia ghafla, kwa upole ambao Patriki hakuwahi kuusikia kutoka kwake, "Bwana, uibariki kazi ya mikono yake. Umpe utulivu…"

Patriki aliinuka akakimbia.

Alichomoa waya wa umeme ukutani kwa nguvu hata kipande cha plasta kikafuatana nao. Aliponyanyua kifuniko, hewa ya moto ilimpiga usoni kama mdomo wa tanuru. Kipimajoto cha kioo kilichokuwa kati ya mayai, ambacho hakina programu wala aibu, kilikuwa kimeipita arobaini na kinaendelea na safari.

Huko sebuleni, Mzee Bura alikuwa amefungua macho akakuta anakiombea kiti.

"Amina," Mama Verediana alisema peke yake, ili sala isibaki inaning'inia.

"Mama," ikatoka sauti chumbani, nyembamba, si ya mtu mzima. "Mama, mayai yanaungua."

Mama Verediana alifika kwenye pazia kwa hatua ambazo mguu wake mbovu haukuwa umezipiga miaka mingi. Hapo akasimama. Upande wa pili ni chumba cha kulala cha mkwe.

"Huko huingii," alisema Mzee Bura.

"Siingii kwake. Naingia kwa mayai yangu."

"Kuna kitanda humo."

"Sitakiona." Akafungua kanga ya mabegani, akajifunika kichwa na uso mzima mpaka kidevuni, akaingia akipapasa. Goti lake likagonga kitanda. "Samahani," alikiambia kitanda, akageukia upande wa pili. "Nipe moja."

Patriki akampa yai. Mama Verediana akaliingiza chini ya kanga, akaliweka juu ya kope ya jicho, kama anavyofanya mwanamke yeyote wa kule anayetaka kujua kuku aliamka kiotani saa ngapi. Patriki alisubiri. Aliwahi kusubiri matokeo ya kidato cha nne, haikuwa hivi.

"Lina homa," kanga ilisema. "Halijaiva. Nipe la katikati. Nalo lina homa. La chini ya ile taa yako nipe." Akalihamishia jicho la pili. "Hili sijui. Fungua dirisha. Siyo lote, unataka kuyaponya moto uyaue kwa baridi? Nusu. Sasa pepea."

"Napepea na nini, mama?"

Kanga alikuwa ameivaa usoni na hakuwa tayari kuivua. Pazia likasogea kidogo, na mkono wa Mzee Bura ukapenya, mkono tu, umeshika kofia ya Jumapili.

"Pepeeni na hii," alisema mkono.

Wakapepea kwa zamu, mwenye macho na asiye na macho. Vidole vya Mama Verediana vilipoona joto limeshuka, akataka kujua lililobaki. Patriki akawasha tochi ya simu, akaliweka yai la kwanza juu ya mwanga. Mishipa myekundu ilionekana, na kitu cheusi katikati, kimetulia. Hakikutikisika.

"Mbona husemi?" aliuliza Mama Verediana.

"Bado naangalia, mama."

La pili likatulia vilevile. Kichwani Patriki alimwona mama yule akitoka kanisani, na Genoveva akingoja pembeni na sentensi yake tayari. Akachukua la tatu, akaligeuza, akalisogeza. Ndani yake kile cheusi kikajinyonga, polepole, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, kisha kikatupa kitu kama mguu.

"Limepiga teke," alisema.

Mama Verediana alisogeza kanga kiasi cha jicho moja, akalitazama yai tu, akajifunika tena.

"Haya," alisema. Alikaa chini sakafuni palepale, mgongo kwa kitanda, na kanga ile ikaanza kutikisika mabegani. Patriki hakujua kama analia au anacheka, na hakuthubutu kuuliza.

"Nieleze," alisema Mzee Bura kutoka upande wake wa pazia. "Polepole. Mimi si wa simu."

Patriki akaeleza. Alitokea sebuleni na kidude mkononi, akasimama kama mshtakiwa, akaonyesha nyaya nne. Akasema kwamba kidude hiki kinaisimamisha akili ya mashine ili aichungulie. Kwamba alipoisimamisha balbu zilikuwa zinawaka. Kwamba kosa alishaliona na dawa yake ni mstari mmoja. Kwamba hapo ndipo wao walipopiga hodi.

Mzee Bura alikichukua kidude, akakipima uzito.

"Kwa hiyo ulisimamisha akili, mkono ukabaki motoni."

"Ndiyo, baba."

"Na ulipotuona sisi, akili yako nayo ikasimama."

"Ndiyo, baba."

"Basi friji imerithi." Akageuza kidude kiganjani, akakirudisha. "Kwa nini hukusema, baba nyamaza, mayai yanaungua?"

Tangu Patriki azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha kwamba sentensi kama hiyo inawezekana. "Ungenionaje, baba?"

"Vibaya," alikiri Mzee Bura. "Ningekuona vibaya sana. Ila mayai yangekuwa mazima." Akakohoa. "Kaandike mstari wako."

"Tatizo, baba, ni kwamba nikianza kuandika, ile ya zamani inafutika kwanza. Ikikatika katikati, chipu inabaki tupu. Na nyaya hizi hazishiki vizuri, mpaka nizibane kwa vidole."

"Ikibaki tupu?"

"Inakuwa friji."

Mzee Bura alinyanyua kiti, akakipeleka mlango wa nje, akakaa ameibana fimbo kati ya magoti.

Hakuchelewa kupata kazi. Habari kwamba wakwe wa Patriki wamefika zilikuwa zimeshapita uani, na wa kwanza kuja kuwasalimu alikuwa Mzee Nikolausi, mzee wa kanisa wa mtaa ule, mtu ambaye salamu zake zilikuwa ndefu kiasi kwamba watoto walimkwepa kwa kupita porini.

"Hodi…" alianza Mzee Nikolausi.

Mzee Bura aliinua kidole. "Usisalimie."

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Akisalimiwa mayai yanaiva."

Mzee Nikolausi aliyapima maneno yale. Hakuyaelewa, lakini sauti iliyoyasema ilikuwa ya mtu mwenye ng'ombe wengi. Akavua kofia, akakaa chini barazani. Baada yake akaja dada wa nyumba ya pili, akaonyeshwa kidole, akakaa. Akaja kijana aliyefuata simu yake, akaonyeshwa fimbo kabisa. Ndani Patriki alikuwa amerudisha umeme na kubana nyaya nne kwa vidole vya mikono miwili, Mama Verediana, bado ndani ya kanga, akimshikia laptopu isianguke. Kwenye skrini mstari wa bluu ulitambaa kama ng'ombe anayepanda kutoka Mto wa Mbu hadi Karatu.

Letisia alirudi kutoka mnadani wakati huo. Kutoka mbali aliona baba yake amekaa mlangoni kwake na koti la Jumapili. Akaona Mzee Nikolausi chini, kofia mapajani. Akaona majirani kimya. Furushi likamdondoka kichwani, nguo zikatapakaa njiani.

"Nani?" aliuliza, mikono kichwani tayari. "Baba, nani amekufa?"

"Hakuna," alisema Mzee Bura. "Mumeo anaandika."

Pazia likafunguka, akatoka mama yake mzazi kutoka chumba cha kulala cha mumewe, amejifunika uso, ananuka pumba na jasho. "Imeingia," kanga ilitangaza. "Imewaka, imezima, imewaka." Barazani Mzee Nikolausi alishindwa kujizuia akapiga makofi, bila kujua anapigia nini.

Letisia aliokota nguo zake moja moja. Kuna maswali aliamua asiyaulize siku hiyo.

Siku zilipotimia, si mayai yote yaliyototolewa. Yale ya chini ya balbu hayakupasuka, na Patriki alimpigia mama mkwe simu akamwambia hivyo hivyo, kwamba hayo aliyapika yeye. Mama Verediana akasema hata kuku huacha mengine, na kuku haombi radhi. Kwenye yaliyobaki vifaranga vilitoka kwa siku mbili mfululizo, vimelowa, vikisimama na kuanguka, na kelele zake zilimfanya Letisia, kwa mara ya kwanza, aitegee friji sikio kwa hiari yake.

Patriki alivipeleka mwenyewe. Alipanda basi la Haydom na maboksi yenye matundu, akiomba radhi kwa abiria njia nzima. Mama Verediana alimpokea barabarani akataka kubeba boksi moja yeye, wazi, bila kifuniko, na kati ya njia mbili zinazofika kwake akachagua ile ndefu inayopita kwa watu.

Walikuwa hawajakaa vizuri uani pale Genoveva alipoingia. Alikuwa amebeba sahani ya mayai, amefunika kitambaa. Hakumtazama Mama Verediana usoni.

"Nasikia bado kuna nafasi," alisema.

"Nafasi ipo," alijibu Mama Verediana, kidevu juu. "Masharti umeyasikia?"

"Nimeyasikia. Kijiji kizima tumeyasikia." Akamtazama Mzee Bura, aliyekuwa ameyasimulia hayo masharti kisimani, kanisani, kwenye josho, na kila mara yakiongezeka ukali.

Patriki alikuwa kijana aliyelelewa. Alisimama, akainama kidogo, akanyoosha mkono. "Shikamoo mama."

Genoveva aliutazama mkono. Akayatazama mayai yake. Akabana midomo.

"Shikamoo," Patriki alirudia.

Mwanamke yule alirudi nyuma hatua moja, sahani kifuani, akageuza macho kwa Mzee Bura kuomba msaada. Mzee Bura alimpima mkwe wake kuanzia viatuni hadi kichwani, kwa makini, kama mtu anayechungulia chipu.

"Leo hana kazi," alisema. "Unaweza kuitikia."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Marahaba," Genoveva alinong'ona, kwa sauti ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Akaweka sahani chini, taratibu, akaondoka uani kwa ncha za vidole.